Kulingana Si Kufungamana: Namna ya Kupima Uhusiano wa Chembe za Kwanta kwa Kazi Iliyokusudiwa

Makala haya yamekusudiwa hasa kwa wanafunzi wetu wa tafsiri na istilahi, ambao mara kwa mara hukabidhiwa maandishi ya sayansi na kutakiwa kuyatia katika Kiswahili. Kwa maoni yangu, ugumu wa kazi hiyo hauko kwenye maneno. Uko kwenye kutokielewa kitu kinachotajwa. Mfano mzuri ni taaluma ya uchakataji wa taarifa kwa njia ya kwanta, yaani matumizi ya chembe ndogo kabisa, kama vile fotoni za mwanga, katika kukokotoa, kutuma na kuficha habari. Katika taaluma hiyo kuna dhana mbili ambazo wafasiri wengi huziandika kana kwamba ni moja: uhusiano na ufungamano. Anayezichanganya anaweza kuiamini njia ya mawasiliano ambayo haina siri yoyote, au akatupa kitu chenye manufaa kwa kudhani hakina kazi.

Mifano yetu tutaichukua mpakani mwa Uganda na Kenya, kati ya Busia, Malaba na gombolola ya Mella katika wilaya ya Tororo. Nimepachagua kwa sababu watu wa huko tayari wanalijua jambo ambalo wanafizikia walichukua miaka mingi kulipanga vizuri, kwamba kipimo hakina maana mpaka useme kitu kinapimwa kwa kazi gani.

Fikiria lori la mahindi linalovuka kutoka Uganda kuingia Kenya. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Vipimo hivi viwili haviwezi kubadilishana nafasi. Mahindi yanaweza kuwa makavu ya kulia yakitikiswa na bado yakawa na sumukuvu iliyoingia kabla hayajakauka. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, hoja ilikuwa sumukuvu, na siku chache baadaye ilipoyaruhusu kwa masharti, mojawapo ya masharti lilikuwa cheti cha kipimo hicho. Naye mkulima wa Mella anayetaka kupanda hana haja na kimojawapo cha vipimo hivyo peke yake. Yeye huchukua punje kadhaa, huzilaza kwenye kitambaa chenye maji, kisha huhesabu ngapi zimeota. Gunia ni moja, lakini maswali ni matatu. Jozi ya chembe za kwanta nayo huulizwa hivyo hivyo.

Kandambili zilizotengana

Tuanze na uhusiano wa kawaida. Mchuuzi wa Busia anachukua pea moja ya kandambili, anaitenganisha gizani, anaweka kila upande ndani ya bahasha, kisha anapeleka bahasha moja kwa Amoit aliyeko Mella na nyingine kwa Barasa aliyeko Busia ya Kenya. Amoit akifungua na kukuta ya kushoto, papo hapo anajua kwamba Barasa ana ya kulia. Wakirudia mara elfu, watapatana mara elfu. Huo ni uhusiano kamili, asilimia 100, wala hauna ajabu: kila kandambili ilikuwa na upande wake tangu ilipotoka kwa mchuuzi. Aidha, hauna siri, kwani mchuuzi, au mtu yeyote aliyechungulia bahasha njiani, anajua majibu yote.

John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast, aliutumia mfano wa soksi katika makala yake ya mwaka 1981 kueleza jambo hili. Swali alilokuwa ameliuliza tangu mwaka 1964 lilikuwa hili: je, chembe mbili za kwanta ni kandambili tu zilizogawanywa, au zina uhusiano wa namna nyingine? Na je, kuna njia ya kupima ili kujua?

Tahadhari moja hapa. Kuangalia mapatano peke yake hakutoshi. Jozi ya kandambili hupatana kwa asilimia 100, na jozi bora ya kwanta nayo hupatana kwa asilimia 100 ukiipima kwa mwelekeo mmoja. Tofauti huonekana pale tu unapobadilisha swali unaloiuliza kila chembe.

Mchezo wa kadi mbili

Mwaka 1969 wanafizikia wanne, John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt, waliliweka wazo la Bell katika sura inayoweza kujaribiwa maabara. Tunaweza kulieleza kama mchezo.

Amoit na Barasa wanaruhusiwa kupanga njama kabla, lakini mchezo ukianza hakuna kupigiana simu. Kila mmoja anapewa kadi kwa bahati nasibu, ya kijani au nyekundu, na lazima ajibu papo hapo "ndiyo" au "hapana". Wanashinda majibu yao yakifanana. Kuna hali moja tu iliyo kinyume: wote wawili wakipewa nyekundu, watashinda majibu yao yakitofautiana.

Msomaji ajaribu kuwatafutia njama nzuri. Kijani kwa kijani majibu yafanane. Kijani ya Amoit na nyekundu ya Barasa yafanane. Nyekundu ya Amoit na kijani ya Barasa yafanane. Ukifuata mnyororo huo utaona kwamba majibu yote manne yamelazimika kuwa sawa, kwa hiyo nyekundu kwa nyekundu nayo itafanana, na hapo wanashindwa. Hakuna ujanja wa kuukata mnyororo huo. Katika kila hali nne watashinda tatu, na kwa mizunguko mingi hawawezi kuvuka asilimia 75. Hata wakiwa na kandambili, sarafu, au daftari zima la majibu yaliyopangwa tangu jana, kikomo ni kile kile.

Sasa wapewe fotoni pacha kutoka kwenye chanzo kimoja. Fotoni huwa na mwelekeo wa mtetemo, na mwelekeo huo hupimwa kwa kichujio kinachoweza kuzungushwa: ikipita ni "ndiyo", ikizuiliwa ni "hapana". Kadi ya kijani ikija, Amoit anaweka kichujio kwenye nyuzi 0. Ikija nyekundu, anakiweka kwenye nyuzi 45. Barasa anatumia nyuzi 22.5 kwa kijani na nyuzi 22.5 upande wa pili wa sifuri kwa nyekundu. Kwa fotoni pacha za aina hii, uwezekano wa majibu kufanana hutegemea pembe kati ya vichujio viwili. Katika hali tatu za kwanza pembe hiyo ni nyuzi 22.5, na majibu hufanana takriban mara 854 katika kila 1,000. Katika hali ya nne pembe ni nyuzi 67.5, na majibu hutofautiana takriban mara 854 katika 1,000. Yaani katika kila hali wanashinda kwa zaidi ya asilimia 85, jambo ambalo njama yoyote ya kabla haiwezi kulifanikisha.

Maabara huandika matokeo hayo kwa namna nyingine kidogo. Kwa kila hali huchukua idadi ya majibu yaliyofanana, hutoa yaliyotofautiana, kisha hugawa kwa jumla. Katika mfano wetu, 854 toa 146 ni 708, ukigawa kwa 1,000 unapata takriban 0.71. Hali tatu hujumlishwa na ya nne, ambayo ni hasi, hutolewa. Jumla hiyo huitwa S. Kandambili haziwezi kuvuka 2. Kwanta hufika 2.83, wala haizidi hapo.

Clauser na Stuart Freedman walifanya jaribio la kwanza la aina hii huko Berkeley mwaka 1972. Alain Aspect na wenzake walilifanya Ufaransa mwaka 1982 huku vichujio vikibadilishwa wakati fotoni zikiwa safarini. Mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilipima jozi zilizotengana kilomita 1.3 kwa namna iliyoziba mianya mikuu iliyokuwa ikitiliwa shaka, likapata S ya 2.42. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger wa Austria walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Hapa lazima niseme neno kuhusu kosa linalopendwa sana na magazeti. Amoit hawezi kutumia fotoni hizi kumpelekea Barasa ujumbe wa haraka kuliko mwanga, wala ujumbe wowote. Kila mmoja, akiangalia daftari lake peke yake, anaona "ndiyo" na "hapana" zilizochanganyika nusu kwa nusu. Uhusiano unaonekana pale tu madaftari mawili yanapokutanishwa, na kuyakutanisha kunahitaji simu au bodaboda kama kawaida.

Fungamana, na wala si shikamana

Kuhusu istilahi, mimi natumia "uhusiano" kwa dhana pana, kandambili zikiwemo, na "ufungamano" kwa ule wa pekee usioweza kuelezwa kwa bahasha zilizojazwa kabla. Wako wanaopendelea "uwiano" kwa dhana ya kwanza. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa shule tayari amefundishwa uwiano wa mbili kwa tatu, na atadhani tunazungumzia mgawanyo. Kuhusu "ufungamano", wasomaji wa umri wangu wanalikumbuka neno hilo kutoka siasa za nchi zisizofungamana na upande wowote. Si mwangwi mbaya. Nchi iliyofungamana haina tena sera yake kamili peke yake. Nayo fotoni iliyofungamana haina hali yake kamili peke yake, bali jozi ndiyo yenye hali. "Kushikamana" kungetupotosha, kwa sababu hakuna kinachozishika fotoni hizo pamoja.

Jozi iliyochanganyika na makapi

Mpaka hapa tumezungumzia jozi safi. Katika maisha jozi huchafuka: faiba hupinda, joto hubadilika, chanzo hakikuwa kizuri tangu mwanzo. Mwanafizikia Mjerumani Reinhard Werner alichunguza mwaka 1989 namna ya mchanganyiko ambayo sasa hutumiwa kama kielelezo. Tuseme katika kila jozi 100 zinazotoka kwenye chanzo, sehemu fulani ni safi na zilizobaki ni makapi yasiyo na uhusiano wowote. Sehemu iliyo safi tuiite usafi. Sasa tuulize: usafi kiasi gani unatosha? Jibu linategemea kazi, na hapa ndipo kiini cha mambo yote kilipo.

Ili S ivuke 2, usafi lazima uzidi takriban 0.71. Lakini ufungamano huanza mapema zaidi, usafi unapopita theluthi moja. Kati ya 0.33 na 0.71 kuna eneo zima ambamo jozi zimefungamana kweli na bado hushindwa katika mchezo wa kadi. Mtu anayetegemea S peke yake atazitupa.

Kuzitupa ni hasara. Mwaka 1996 Charles Bennett na wenzake walionyesha kwamba jozi nyingi dhaifu, mradi usafi wake umepita theluthi, zinaweza kugeuzwa kuwa jozi chache zilizo bora. Wahusika wawili hupima baadhi ya chembe, hulinganisha majibu kwa simu, kisha hubakiza zile zilizofaulu. Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: kupepeta. Aidha, kwa jozi hizo hizo inawezekana kuhamisha hali ya chembe kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa uaminifu unaopita theluthi mbili, kiwango ambacho mtu asiye na ufungamano hawezi kukizidi.

Basi tunautambuaje ufungamano usioonekana kwa S? Njia rahisi ni kutumia kile kinachoitwa shahidi. Amoit na Barasa wapime kwa namna tatu: mlalo na wima, mshazari, na mzunguko wa kulia na kushoto. Kwa kila namna wapige ile hesabu ya kufanana toa kutofautiana, wachukue ukubwa wake bila kujali ni chanya au hasi, kisha wajumlishe. Jozi isiyofungamana haiwezi kuvuka 1. Kandambili hupata 1 kwa namna ya kwanza na sifuri kwa mbili zilizobaki. Jumla 1, haikuvuka. Jozi yenye usafi wa nusu hupata 0.5 mara tatu, jumla 1.5. Imefungamana, ingawa S yake ni 1.41 tu.

Ukitaka zaidi ya jibu la ndiyo au hapana, ukataka kujua ni kiasi gani, kuna kipimo cha William Wootters cha mwaka 1998, kinachoanzia 0 kwa jozi isiyofungamana hadi 1 kwa jozi safi. Kwa mchanganyiko wetu hesabu yake ni fupi: zidisha usafi kwa tatu, toa moja, gawa kwa mbili. Usafi wa nusu unatoa 0.25. Kwa jozi ambayo hatujui imechanganyikaje, inabidi kwanza kupima namna zote tisa, tatu kwa tatu, ili kuijenga picha yake kamili. Kwa chembe mbili kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Kwa chembe kumi, namna hizo zinakuwa 59,049, ndiyo maana watafiti hupendelea mashahidi.

Sasa twende upande wa pili. Tuseme usafi ni 0.75. S ni 2.12, mchezo wa kadi umeshinda, Amoit na Barasa wanafurahi na wanataka kutengeneza ufunguo wa siri kwa njia ambayo Artur Ekert aliipendekeza mwaka 1991. Wasiharakishe. Kwa usafi huo, majibu yao hukosana mara 12.5 katika kila 100 hata wakipima kwa mwelekeo mmoja. Peter Shor na John Preskill walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa utaratibu wa kawaida wa kusahihisha, usiri unathibitika makosa yakiwa chini ya takriban asilimia 11. Mashauriano marefu zaidi kati ya pande mbili yanaweza kuvumilia makosa zaidi ya hapo, lakini kwa utaratibu huu usafi lazima upite 0.78. Jozi iliyofaulu mtihani wa Bell imekataliwa kwenye kazi ya ufunguo, kama mahindi makavu yenye sumukuvu.

Kuna kipimo kimoja zaidi, nacho kina ubishi. Mwaka 2001 Harold Ollivier na Wojciech Zurek kwa upande mmoja, na Leah Henderson na Vlatko Vedral kwa upande mwingine, walitambua kwamba habari inayomilikiwa kwa pamoja na chembe mbili inaweza kukokotolewa kwa njia mbili: bila kuigusa jozi, au kwa kupima chembe moja kwanza. Kwa kandambili majibu ni sawa. Kwa chembe za kwanta kwa kawaida kuna pengo, na katika mchanganyiko wa Werner pengo lipo hata usafi ukiwa mdogo sana, chini ya theluthi, pasipo ufungamano wowote. Walioipa dhana hii jina walichagua neno la sauti zisizopatana, na nimeona tafsiri ya "mfarakano wa kikwanta". Inanichekesha, maana inaleta picha ya baraza la usuluhishi wa ndoa. "Pengo la kikwanta" linasema hasa kinachopimwa. Iwapo pengo hilo lina kazi ya maana pale ambapo hakuna ufungamano, watafiti bado hawajakubaliana.

Faiba, M-Pesa na mpaka

Msomaji atauliza haya yana uhusiano gani na Busia halisi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, fedha na siri za watu hupita kwenye faiba inayovuka mpaka huu kwenda Kampala. Ulinzi wa sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti umetegemea hesabu ambazo Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta kubwa ya kwanta ingezivunja. Dawa moja ni hesabu mpya ngumu zaidi. Marekani ilitangaza viwango vyake vya kwanza mwezi Agosti 2024. Dawa nyingine ni funguo za kwanta zenyewe. Durban ilizijaribu wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, katika uwanja wa Moses Mabhida, ingawa mfumo ule ulitumia fotoni moja moja na si jozi zilizofungamana.

Tuseme chanzo cha jozi kiko Chuo Kikuu cha Busitema, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo, na kila mmoja kati ya Amoit na Barasa ameunganishwa kwa kilomita 15 za faiba. Faiba nzuri hupoteza nusu ya fotoni kila kilomita 15 hivi. Kwa hiyo jozi moja katika nne hufika nzima. Hiyo inavumilika, kwa sababu upotevu hupunguza idadi tu. Jozi zilizofika hazikuchafuka kwa hilo. Kwa kilomita 300, hata hivyo, hufika fotoni moja katika milioni, na Mombasa ni mbali zaidi ya hapo. Vikuza-mawimbi vya kawaida havisaidii, kwani hali ya chembe ya kwanta haiwezi kunakiliwa. Ndiyo sababu kupepeta jozi dhaifu kwenye vituo vya njiani kuna thamani kubwa, na ndiyo sababu ni lazima kutumia kipimo kinachoweza kuziona.

Kwa mwanafunzi wa Tororo au Busia anayetaka kujaribu mwenyewe, mlango ulifunguliwa mwaka 2016 kampuni ya IBM ilipoiweka kompyuta yake ndogo ya kwanta kwenye intaneti. Programu ya kutengeneza jozi moja na kuipima kwa pembe nne haizidi mistari michache. Akipata S ya 2.5, usafi kwa kielelezo cha Werner ni takriban 0.88, na makosa ni karibu asilimia 6. Ajue pia kwamba chembe zake mbili zilikuwa kwenye kipande kimoja cha kifaa, milimita chache tu kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo jaribio lake limepima ubora wa mashine na wala halikuthibitisha lolote kuhusu umbali.